Kwa Nini Harufu Haibishi Hodi

Sikilizeni, wajukuu zangu. Kulikuwa na wakati ambapo harufu ilibisha hodi kama mgeni mwingine yeyote.

Siku hizo Muumba alikuwa ameweka bawabu ndani ya kila kichwa. Macho yakileta habari, bawabu aliihoji. Masikio vivyo hivyo, na pua pia. Hakuna habari iliyoingia chumba cha ndani, mnamokaa hofu na kumbukumbu, kabla ya kuhojiwa.

Katika kinamasi cha mafunjo aliishi Kamongo, samaki mwenye macho makubwa, pamoja na mkewe. Walichimba kiota, wakapata watoto, na Kamongo ndiye aliyekuwa mlinzi. Asubuhi moja mkewe alirudi mbio kutoka mateteni.

"Baba watoto, maji yananuka Fisimaji!"

Kamongo naye alikuwa ameinusa harufu ile. Lakini bawabu wake alikuwa bado akiihoji: ni ya leo au ya jana? Ya karibu au ya mbali?

"Subiri kwanza nione," alisema. "Mbona sioni kitu?"

Alipomwona Fisimaji, mla samaki huyo tayari alikuwa kiotani. Hakusalia mtoto hata mmoja. Mkewe hakumlaumu, aligeuka tu, akaenda zake, asirudi tena.

Kamongo akamwendea Muumba. "Mwondoe bawabu kwenye njia ya pua. Hata ukiyachukua macho yangu, sawa."

"Njia isiyo na mlango haichagui mgeni," Muumba alimwonya.

"Na iwe hivyo."

Basi njia ikafunguliwa, kutoka puani moja kwa moja hadi chumba cha ndani, na macho ya Kamongo yakasinyaa kama punje za mtama. Wanyama wengine wenye uti wa mgongo waliposikia, wakaomba vivyo hivyo, nasi tukiwamo.

Fisimaji hakuweza tena kumvizia Kamongo. Lakini kila harufu ya tope la kile kiota ilipomfikia, watoto wake walimrudia wote kwa pamoja, naye akawapoteza upya. Alitamani wangesubiri kidogo nje, ajikaze kwanza. Hapakuwa na wa kuwazuia. Kiangazi kilipofika alijichimbia ardhini, akajifunika kwa tope likakauka na kuziba pua yake, asinuse chochote.

Na tangu siku hiyo Kamongo hujizika kila maji yakikauka. Nasi, mtu akifungua sanduku la nguo za marehemu mama yake, machozi humtoka kabla hajajua analia nini.