Mtoto Asiyelalamika

Wapendwa, msifungue vitabu vyenu kwanza. Nisikilizeni.

Palikuwa na mwalimu mmoja wa karate, katika mji mmoja wa nyanda za juu, mji wa baridi na ukungu. Alikodi ghala la zamani la kahawa, akatandika mikeka, akafundisha. Saa kumi jioni watoto, saa kumi na mbili watu wazima: mafundi, makarani, hata mama mmoja muuguzi wa zahanati aliyekuja kupunguza uzito akanogewa.

Mwalimu huyu hakuwa mtu mbaya. Shikeni hilo, maana tukimfanya mbaya tutapata pa kujificha. Watoto wasio na kitu aliwafundisha bure. Ila alikuwa na neno lake. Mtoto akianguka, akashika goti, uso ukaanza kukunjamana, mwalimu alisema: "Simama. Hapa hatulii." Na mtoto alisimama. Wazazi waliokuwa wakichungulia mlangoni walifurahi. Nani kati yetu asingefurahi?

Katika watoto hao alikuwamo Sekela, miaka kumi na miwili, mwembamba, mwepesi wa miguu. Kwa kuwa aliwazidi wenzake, mwalimu alimruhusu abaki kufanya mazoezi na wakubwa. Jumanne moja fundi mmoja alimfyeka mguu, Sekela akaangukia kisogo pale mikeka ilipoishia, kwenye saruji tupu. Kishindo kilisikika ukumbi mzima.

"Simama," mwalimu alisema.

Sekela akasimama, akajipangusa, akajaribu kutabasamu. Watu wazima wakampigia makofi.

Alhamisi alikuja nusu saa kabla ya wenzake. Mwalimu alikuwa akihesabu vilinda meno, kwa sababu mashindano yalikuwa Jumamosi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Leo umewahi!"

"Mwalimu, kichwa kinaniuma. Tangu juzi. Nikiangalia dirishani macho yanauma pia."

Mwalimu akamtazama. Aliona jinsi alivyokuwa akipepesa macho, na moyo wake ukashtuka kidogo. Kidogo tu. Halafu akafikiria Jumamosi, na wazazi watakaokuja, na jinsi alivyomsifia msichana huyu mji mzima.

"Huo ni woga wa mashindano," akasema. "Hata mimi nilikuwa nao. Kanywe maji, uvae."

"Haya, mwalimu."

Hakusema tena.

Jumamosi, pambano la pili, msichana wa umri wake alimgusa kidevuni kwa ncha ya mguu. Pigo dogo, hata mwamuzi hakulihesabia pointi. Sekela akarudi nyuma hatua mbili, akageuka kumtafuta mwalimu kwa macho, kisha akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka na safari. Na mwalimu, wapendwa, akapaza sauti toka pembeni: "Simama!"

Hakusimama. Jumatatu asubuhi daktari aliwaambia wazazi kwamba damu ilikuwa imevujia kwenye ubongo, na kwamba mtoto amepumzika.

Wakazika Jumatano, kwenye matope. Baba yake mdogo akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, alipenda nini. Akamalizia hivi: "Sekela alikuwa mtoto asiyelalamika hata siku moja." Watu wakatikisa vichwa. Akina mama wakalia kwa sauti.

Mwalimu naye aliyasikia. Ataniambia nani kwamba hakujisikia ahueni? Hakuna aliyejua habari za Alhamisi. Aliyejua alikuwa ndani ya sanduku. Alipoitwa kutoa salamu za wanakarate alikuwa na karatasi mkononi, imeandikwa vizuri, neno shujaa mara nne.  Akaikunja ile karatasi.

"Baba mdogo amesema Sekela hakulalamika," alisema. "Alilalamika. Alikuja mapema, akanilalamikia mimi, siku mbili kabla ya mashindano. Nikamwambia ni woga."

 Kisha vijana wa ukoo wakanyanyuka, mmoja akamkwida shati, na mwalimu hakuinua mkono. Mtu yule aliyeweza kuwaangusha watatu kwa pamoja alisimama tu, akingoja apigwe.

"Mwacheni!"

Ilikuwa sauti ya mama wa marehemu. Alikuwa ameketi chini, amejifunika kanga hadi kichwani.

"Mwacheni. Alianza kuniambia mimi. Jumatano iliyopita alinikuta nasonga ugali, akasema, mama, kichwa. Nikamwambia, mambo ya karate mwambie mwalimu wako, yeye ndiye anayejua. Kwa nini mnadhani aliwahi kufika siku ile? Nilimtuma mimi."

Yule kijana akaachia shati. Na kabla mtu hajasema neno, mama muuguzi akasema, macho yakiwa chini: "Na mimi nilikisikia kile kishindo, alipoanguka mazoezini. Kazi yangu ni hiyo. Nikasema moyoni, mwalimu yupo."

 Yakaanza makoleo.

Sasa sisi.

Tumezika wangapi tukisema walikuwa wavumilivu? Yule dada aliyefia kwenye ndoa yake, tulisema alikuwa mkimya. Nani alimfundisha ukimya? Yule kijana aliyejinyonga, tulisema hakumwambia mtu. Mna hakika? Au alimwambia mtu, mtu akamtuma kwa mtu, na huyo akamwambia huo ni woga tu? Tunapenda mtoto anayesimama haraka, kwa sababu akisimama haraka sisi tunaendelea na shughuli zetu. Halafu tunaita imani. Tunaita malezi.

Mungu hakututuma tuwaelekeze watu kwa mwenzetu. Ukisikia wewe, umesikia wewe. Sekela aliwaambia watu wazima wawili kwa kinywa chake, na wa tatu alisikia kwa masikio yake mwenyewe, na wote watatu walimpenda.

Sitawaombea bado. Najua kuna mtu humu ambaye jina fulani limemjia kichwani tangu nianze kusema: mtoto wako, mkeo, jirani, aliyekwambia kitu wiki hii ukampa jibu fupi. Usingoje amina. Simama, toka nje, nenda kamuulize anaumwa wapi. Mlango uko wazi, na sisi tutabaki hapa tumenyamaza mpaka wa kwanza wenu atoke.