Aliyehama Bila Kukanda Mabega

Hapo zamani, na mwaka msiniulize maana sikuwa na kalenda, mji wa Mkongeni ulikuwa na viwanja viwili vya sarakasi. Kimoja cha Mwalimu Kombo, nyuma ya ghala la mkonge: ardhi ngumu, magodoro ya usumba yaliyochoka, na mwalimu mkali kama pilipili. Cha pili cha Mwalimu Riziki, mwanamke mpole, upande wa sokoni. Kwake kulikuwa na sakafu ya mbao na magodoro mapya, ukiyaona tu mate yanakutoka.

Desturi ilikuwa moja kote. Mwanasarakasi akitaka kuhama, husimama mbele ya wenzake akasema, "Nahama, na ninakokwenda ni fulani." Kisha huchukua mafuta ya nazi, akawakanda mabega wale waliokuwa wakimbeba. Na mwalimu anayempokea hutuma mtu kwa mwenzake kuuliza, "Huyu kaaga?" Hapo tena hakuna neno.

Basi palikuwa na binti akiitwa Mishi, mwanafunzi wa Kombo. Yeye ndiye aliyesimama juu kabisa ya mnara wa watu uliooneshwa kila sikukuu ya mji, mguu wake begani kwa Fumo. Kiuno kilimuuma kwa ile ardhi, kulala hakulali. Akatamani kwa Riziki, akatamani mpaka akajionea haya.

Si angesema tu? Wewe unayecheka hapo nyuma, wewe ungesema? Mishi alikuwepo siku kijana mmoja alipoaga kwa adabu zake zote. Kombo aliyamwaga yale mafuta mchangani, akamwita msaliti, akamfukuza kabla hajagusa bega la mtu. Kijana alitoka analia, mwanamume mzima. Mishi akaiona sura ya mwalimu wake siku ile, na hofu ikamwingia isitoke.

Kwa hiyo akadanganya. Alituma salamu kwa Kombo kwamba ana homa, akaenda zake kwa Riziki.

"Umeaga, mwanangu?" Riziki akamuuliza.

"Nimeaga, Mwalimu."

Riziki alimtazama machoni, akaona hakuna kuaga hapo. Akampokea hivyohivyo, maana binti kama yule haokotwi njiani. Mtu wa kuuliza hakumtuma.

Fumo naye alimkuta sokoni, amebeba begi la mazoezi, mzima wa afya. Mishi akamshika mkono. "Kaka Fumo, nisitiri. Sikukuu ikipita nitakuja kuaga mwenyewe." Fumo akakubali shingo upande. Kila Kombo alipomuuliza, "Mishi anaendeleaje?" yeye alijibu, "Bado anaumwa, Mwalimu." Na Kombo, kwa vile alimpenda yule mtoto, akamwekea nafasi yake, akakataa kumfundisha mwingine.

Sikukuu ikafika, watu wakajaa, Mishi haonekani. Kombo angeweza kuupunguza mnara, lakini aliona aibu mbele ya wakubwa wa mji. Akamwita Dzame, shoga yake Mishi, ambaye kazi yake ilikuwa kubingirika chini tu.

"Panda," akamwambia.

Dzame akapanda, kwa Kombo huulizi. Akafika juu, akanyoosha mikono, watu wakampigia makofi. Kisha goti likamtetemeka, akaangukia upande usio na godoro. Makelele yale Mishi aliyasikia akiwa kwa Riziki, anaruka juu ya magodoro mapya.

Daktari alisema nyonga iliyovunjika haitarudi kama ilivyokuwa. Dzame atatembea kwa mkongojo maisha yake yote.

Aliporudishwa nyumbani, siri ya Mishi ilikuwa imeshafichuka. Kombo, Riziki, Fumo na Mishi, wote wanne walikwenda kumjulia hali, wakakutana uani. Mama yake Dzame akatokea mlangoni, ameshika pazia. "Mwanangu anasema, aingie kwanza yule aliyemwangusha. Huyo asipoingia, asiingie mtu."

Kombo akasema, "Nilimpandisha mimi, sikatai. Lakini ningejua Mishi kahama, ningemfundisha mtu mapema. Nilidanganywa."

Riziki akasema, "Mimi nilimuuliza, akaniambia ameaga. Na mnara haukuwa wangu."

Fumo akasema, "Mimi niliombwa siri, nikaitunza. Bega langu halikuyumba, waulizeni waliokuwepo."

Mishi akawa wa mwisho. Njia nzima alikuwa amejiambia kwamba atasema "ni mimi" na kuingia. Lakini aliwasikia wakubwa wake wakijivua lawama mmoja mmoja, na kinywa chake kikasema mengine. "Niliogopa. Kuaga kwa Mwalimu Kombo ni kutukanwa mbele ya watu. Angekuwa anawaachia watu kwa heri, ningeaga." Akaisikia sauti yake mwenyewe, akaichukia. Tena ukuta wa udongo wa nyumba ile hauzuii maneno. Dzame alikuwa kitandani, ameyasikia yote, ya rafiki yake pia.

Hakuna aliyesogea. Mishi aliutazama mlango, akatamani mwingine atangulie, na akajua kwamba kila mmoja pale anatamani hivyohivyo.

Sasa ninyi mlionong'ona tangu nilipoanza, nong'oneni kwa sauti nisikie. Wanne wamesimama uani, mama ameshika pazia, na mgonjwa anangoja. Je, nani aingie kwanza?