Somo wa Binti Yake Zaina

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, simu zimeshafika na lami bado, katika bonde moja chini ya milima ya Usambara aliishi Zaina, mke wa Shekalaghe fundi baiskeli. Alikuwa na mimba ya kwanza, mzima, anaimba, analima. Malaria aliiacha utotoni.

Lakini bondeni humo kulikuwa na jambo. Mwanamke mzima asiyeugua malaria, akishika mimba ya kwanza, malaria humwangusha. Mimba ya pili, humtikisa. Ya nne, wala haimgusi. Kwa nini?

Daktari Mkunde, mtafiti wa kituo cha afya, aliwaeleza wanawake kliniki: "Kimelea cha malaria huingia ndani ya chembe ya damu, kisha huchomoza protini zake nje kama ndoano, kinase mahali kisichujwe na bandama. Miili yenu inazijua ndoano za zamani. Ukishika mimba, kimelea hutoa ndoano nyingine, ya kunasa kwenye kondo la nyuma. Hiyo askari wa mwili hawajawahi kuiona. Aliyezaa mara nyingi, askari wake wanaijua. Nipeni damu ya mama wa namna hiyo, nitengeneze kipimo."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Bi Nakiete, mama mkwe wa Zaina, alikuwa ameshapita nyumba hadi nyumba akisema damu inauzwa mjini. Akainuka Mama Kitojo, mama wa watoto tisa, ambaye hakuwa akisalimiana na Nakiete tangu wagombanie kuku.

"Kwa kuwa Nakiete amekataza, mimi natoa. Chota, daktari!"

Watu wakacheka, daktari akachota. Kweli, ndani ya damu ile akakuta kingamwili zinazoikamata ndoano. Akaanza kutengeneza kipimo chake.

Mimba ilipokua, Zaina akaanza kuchoka. Akaenda kituoni. Daktari Mkunde akamtoboa kidole, akampima kwa kipimo cha kawaida.

"Huna malaria, mdogo wangu. Ni uchovu wa mimba tu."

Zaina akarudi amefurahi. Lakini Bi Nakiete akamtazama viganja: vyeupe. Akamgeuza kope: nyeupe. Akamkuta anamega udongo wa ukutani, anatafuna.

"Twende tena kituoni."

"Mama, wameshasema sina kitu."

"Waliosema hawalali na wewe nyumba moja. Panda baiskeli!"

Akamsukuma mwenyewe, mama wa watu, mpaka kituoni, jasho linamchuruzika.

"Daktari, mpime kwa hicho kipimo chako kipya."

"Bado nakijaribu, bibi."

"Kijaribu kwa huyu."

Wakapima. Mstari ukatokea. Vimelea vilikuwa vimejibanza kwenye kondo, ndiyo maana damu ya kidoleni haikuvionyesha; kipimo kipya kilinasa vipande vya ndoano zao vilivyobanduka na kuingia damuni. Zaina akashika tumbo kwa mikono miwili. Akapewa dawa, akameza, akapona. Siku zilipotimia akajifungua binti mnene, mwenye sauti ya kusikika mpaka gengeni.

Sasa, somo wake awe nani, apewe jina la nani? Wote watatu, daktari, mama mkwe na Mama Kitojo, walikuja, kila mmoja amebeba sufuria ya uji.

"Langu," alisema Daktari Mkunde. "Nani aliijua ndoano? Nani alitengeneza kipimo?"

"Na nani alimrudisha nyumbani akisema ni uchovu?" Bi Nakiete akamkata. "Langu! Bila macho yangu kipimo chako kingekaa kabatini."

Mama Kitojo akaangua kicheko. "Shoga, wangekusikiliza wewe, hicho kipimo kingetoka wapi? Langu! Damu ni yangu."

"Uliitoa kwa kunikomoa!"

"Nilitoa au sikutoa?"

Shekalaghe, alipoulizwa, alikumbuka ana gurudumu la kuziba, akatoka mbio.

Wakamgeukia Zaina. Akawatazama: huyu aliyejua mengi na akakosea mara moja, huyu aliyetoa damu kwa ukaidi, huyu aliyeizuia damu ile kisha akamsukuma kwa baiskeli. Na moyoni akawaza: mwili wangu nao umeshaiona hiyo ndoano, umeanza kuijua, mbona hakuna anayetaja jina langu? Akacheka, akamweka mtoto titini.

Mpaka leo binti huyo anaitwa Mtoto tu, na uji unaendelea kuletwa. Haya, nyie mliokaa kimya mkinisikiliza, mwamulieni Zaina: je, nani alistahili kuwa somo wa binti yake?