Namkunda Aulizwa Kinuni

Paukwa!

Mbona mnacheka? Mimi nasema paukwa, nyinyi mnanipa kicheko? Eti nini? Maji haya ni ya kunawa? Nami nimeyagida yote, na shukrani nikatoa! Hayo ndiyo matunda ya kuzurura nchi za watu: mtu anarudi hajui bakuli lipi la nini. Cheka, mama, cheka, lakini uitikie. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, kabla ya babu yangu na kabla ya kitambi changu, palikuwa na kijiji, na kijijini alikuwamo mwanamke mzee, Bi Mboza. Hakujua dawa hata ya kikohozi. Alichojua ni watu: nani husema na nani, wapi husema, na wapi hunyamaza.

Basi jembe likamkata mguu Namkunda, mke kijana aliyekaa kwa wakwe zake. Mguu ukavimba. Ukavimba. Ukavimba, ukawa mweusi. Akaitwa Tabibu Shekue kutoka ng'ambo ya mto. Akautazama, akaunusa.

"Huu ukatwe chini ya goti. Binti, umekubali?"

"Ndiyo."

Tabibu akaanza kunoa kisu. Kwecha, kwecha, kwecha.

Bi Mboza akatokea mlangoni. "Ulimuuliza mbele ya nani?"

"Mbele ya baba mkwe wake, kwa heshima zote."

"Ala! Kwetu mke hamwinulii mkwewe uso, seuze kusema hapana mbele yake. Ungemuuliza kama mbuzi hutaga mayai, angesema ndiyo."

"Sasa nimuulize wapi, mama? Sumu inapanda!"

"Kinuni."

Maana pale wanawake waliyasema ya moyoni wakitwanga, na aliyeshika mchi ndiye mwenzao. Bi Mboza akamtoa baba mkwe nje, akaburuta kinu mpaka kitandani kwa Namkunda, akampa tabibu mchi.

"Mimi?"

"Twanga, mwanangu."

Twa! Twa! Jasho linamtoka, jicho liko mguuni. Twa! Twa! Akatwanga upesi upesi, pumba zikaruka mpaka kwenye ndevu.

Hatimaye Namkunda akasema, "Ukikata, nitapona?"

Mchi ukasita.

"Twanga!" akafoka Bi Mboza.

Twa! "Sijui. Nadhani utapona."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza!"

"Ningeuliza vipi pale? Na usipokata?"

Twa! "Utakufa. Hilo nalijua."

Twa! Twa! Twa!

"Basi aje mama anishike kichwa. Akifika, kata. Kabla yake, usiniguse."

"Mama yako yuko wapi?"

"Nyuma ya mlima."

"Nyuma ya mlima!" Tabibu akautupa mchi. "Mguu huu utangoja?"

Mtu akatumwa mbio. Tabibu akaingia, akatoka. Akaketi, akainuka. Akaunusa mguu, akatoka tena. Uani baba mkwe anapiga kelele: "Kata!" Mlangoni Bi Mboza anajibu: "Ngoja!" Kata! Ngoja! Kata! Ngoja! Hata kuku walikosa pa kusimama.

Jua lilikuwa limeinama mama mtu alipofika, vumbi mpaka magotini. Hakusalimu mtu. Akapiga magoti, akakipakata kichwa cha mwanawe.

Tabibu akakata.

Namkunda akapiga ukelele uliovuka mto. Akaugua, akaweweseka, akapona.

Jamani, nimepita kwa matabibu wengi, wenye mikono myepesi kuliko upepo. Lakini mgonjwa ana watu wake, ana adabu zake, ana mahali pake pa kusemea. Tabibu asiyepajua mahali hapo, hata aulize mpaka sauti ikauke, bado hajauliza.

Hadithi yangu naitua hapo, ila neno la mwisho silisemi mimi. Siku alipokuja kufungua kitambaa cha kidonda, Tabibu Shekue alinung'unika:

"Binti, mikono imenitoka malengelenge kwa kutwanga, na jibu likawa lile lile la kwanza. Nimepata faida gani?"

"Wewe hukupata kitu," akasema Namkunda. "Mguu ulikuwa wangu."