Mbio za Mikono Mitupu

"Asiyebeba mzigo hujisifia mbio." Mmeisikia leo ofisini mkacheka, sasa mnataka kujua ilikotoka. Haya, kaeni, na simu hizo wekeni chini. Ilizaliwa hapa hapa, kwenye kituo chetu cha kutabiri mafuriko, na iliyoizaa ni hasira.

Mwamvua ndiye aliyeandika programu ya kukokotoa maji ya mto. Aliiandika kwa Fortran, lugha kongwe ya kompyuta, na kila masika programu ile iliwaambia watu wa bondeni lini wahame. Mama yake mzazi alikuwa mmoja wao.

Basi akaja Deogratias, kijana wa C++, lugha changa kuliko Fortran, mdomo mwepesi. Kutwa kucha "lugha ya vikongwe, lugha ya vikongwe." Mwamvua akaendelea na kazi yake. Lakini masika yakiwa mlangoni, Mhandisi Lyatuu, mkuu wa kituo, akatangaza mashindano: hesabu ile ile ya mto, kompyuta ile ile, lugha mbili. Itakayoshindwa itupwe, na kila kitu kiandikwe kwa ile itakayoshinda. Kuandika upya, jamani! Kazi ya miezi, na mvua haimngoji mtu. Mwamvua alijua maana yake: Deo akishinda, masika yale bondeni hakuna onyo.

Wakakusanyika wote. Programu ya Mwamvua ikahangaika na hesabu mpaka chai ikapoa vikombeni. Ya Deo, kufumba na kufumbua, imekwisha. Watu wakapiga makofi.

"Pole, dada Mwamvua," Lyatuu akasema. "Lugha yako imezeeka."

Hasira ikampanda Mwamvua, maana alikuwa amekitazama kioo cha kompyuta akakikuta kitupu.

"Deo, maji yatafika wapi?"

"Maji gani?"

"Ya mto! Si ulikuwa unakokotoa mto? Jibu liko wapi?"

Deo akacheka. "Dada, hapa tunapima mbio. Mstari wa kuonyesha jibu nimeufuta, unapoteza muda."

"Umeufuta?" Mwamvua akapiga meza, vikombe vikaruka. "Hujui kwamba ile programu inayotafsiri msimbo wako ina akili kukuzidi? Ikiona jibu halitakiwi na mtu, hesabu zote inazitupa. Kompyuta haikukokotoa hata tone! Urudishe mstari huo sasa hivi, mbele yao!"

Deo akamtazama mkuu. Mkuu akasema, "Urudishe."

Akaurudisha. Wakasubiri. Chai nyingine ikaletwa, nayo ikapoa. Programu ya Deo ilipomaliza, ilikuwa imetumia muda ule ule wa Mwamvua, na safari hii hakuna aliyepiga makofi.

"Mlikuwa tayari watu wafe maji kwa sababu ya mbio za mikono mitupu," Mwamvua akasema. "Asiyebeba mzigo hujisifia mbio!" Akatoka, mlango akaubamiza.

Hakuna kilichoandikwa upya. Masika yale mto ulivunja kingo, ukaisomba nyumba ya mama yake mpaka msingi. Mama mwenyewe alikuwa keshapanda mlimani na kuku wake, kwa kuwa onyo lilimfikia mapema. Lyatuu alikwenda kumwomba Mwamvua radhi. Hakupewa hata chai.

Basi nanyi, siku mtakayoniletea programu na kuniambia ina kasi, nitawauliza kwanza imebeba nini. Msininunie. Asiyebeba mzigo hujisifia mbio.