Jembe la Bwana Silanda

"Ashikaye jembe la mwenzake humlimia mwenzake." Methali hii ilianzia kwenye tope, na mjinga wa siku ile alikuwa Mzee Kapembe mwenyewe. Hakuficha. Alilitanguliza hilo kabla hajaulizwa, mbele ya vijana waliokuwa naye kwenye foleni ya kujiandikisha kupiga kura pale Shule ya Msingi Kasota, wakingoja mashine iliyokuwa imezimika ipate chaji.

Aliyeleta maneno ni kijana Erasto. Alifika amevaa fulana ya mgombea mmoja, amepakiwa kwenye pikipiki yenye bendera ya mgombea mwingine. Mama muuza maandazi akamtupia methali hiyo, watu wakacheka, naye Erasto akataka kujua imetoka wapi, maana shuleni hakufundishwa.

"Shuleni wataijulia wapi?" alisema Mzee Kapembe. "Hiyo ni ya hapahapa jimboni Isengo, na gharama yake niliilipa mimi. Kaeni. Mashine bado inakunywa umeme."

Wakakaa, naye akawasimulia.

Ulikuwa uchaguzi wa mwaka sabini na tano. Chama kilikuwa kimoja, na kila jimbo liliwekewa wagombea wawili wa chama hichohicho. Mmoja alipewa alama ya jembe, wa pili alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma ajue pa kutia alama yake kwenye karatasi. Hakuna aliyeruhusiwa kujipigia kampeni kivyake. Wote wawili walipanda Landrova moja ya Chama, wakahutubia mkutano mmoja, huku Katibu akiwapimia muda kwa saa yake ya mkononi. Ukitaka kumsema mwenzako, ulimsema akikusikia, halafu mkarudi pamoja mmebanana magoti.

Jimbo la Isengo lilikuwa na uwanda na bonde, na katikati ulipita mto Nkaya. Mbunge wa kwanza alipita bila kupingwa, akapita moja kwa moja, hakuonekana tena. Wa pili aliahidi daraja la Nkaya, akapewa kazi nyingine mbali, ahadi akaondoka nayo. Kila masika mto ulijaa, na aliyekuwa upande wa bonde alibaki hukohuko, awe mzima, awe mgonjwa. Mke wa Kapembe alitokea bondeni. Mwaka mmoja kabla ya uchaguzi alikwenda kwao kujifungua, uchungu ukazidi, wakambeba kwenye machela kumpeleka hospitali ya uwandani. Alijifungulia ukingoni, watu wakingoja maji yapungue. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Kwa hiyo Kapembe alipoajiriwa kuwa utingo wa Landrova ile ya kampeni, mdomo wake ulikuwa wa Chama lakini moyo ulikuwa wa Mwalimu Nsokolo. Huyo alikuwa mtu mwembamba, mwalimu wake wa darasa la nne, na kila mkutano alizungumzia jambo moja tu: daraja. Alama yake ilikuwa nyumba. Mwenzake, Bwana Silanda wa ushirika, alikuwa na mwili na kicheko. Alama yake ilikuwa jembe, na alitembea na jembe lenyewe, jipya, mpini ameupaka rangi nyekundu. Akipanda jukwaani analiinua, watu wanapiga vigelegele kabla hajasema neno.

Jembe lile lilimkosesha Kapembe usingizi. Akaona na Mwalimu apate kitu cha kushika. Akakaa akafuma nyumba ya matete, na paa lake la nyasi, na mlango unaofunguka, ukubwa wake wa kupakatwa mapajani. Mwalimu aliipenda. Kasoro ilikuwa moja: garini hapakuwa na nafasi. Siku ya safari ya bondeni, Kapembe akatoa koleo la gari akaliacha uwandani, mahali pake akaweka nyumba.

"Utingo gani huacha koleo wakati wa mvua?" aliuliza Erasto.

"Utingo mwenye akili nyingi," alijibu Mzee Kapembe. "Wewe tulia, hujasikia zote."

Walivuka Nkaya maji yakiwa bado ya magotini. Walipokaribia Ntumbi, kijiji kikubwa kuliko vyote bondeni, mvua kubwa ya kwanza ya msimu ikashuka, na Landrova ikazama kwenye tope hadi ekseli, wakiwa wanayaona mapaa ya nyumba. Watu waliokuwa wamekusanyika kwa mkutano wakaona basi waufuate mkutano ulipokwama. Wakaja wamejifunika ungo na majani ya mgomba, wakajipanga pembeni kutazama.

Dereva akaomba koleo. Kapembe akatazama angani kana kwamba koleo lilikuwa huko.

"Lipo jembe langu," alisema Bwana Silanda kutoka ndani. "Chukueni. Jembe ni la wote."

Hapo ndipo Kapembe alipopata lile wazo lake. Akamsogelea Mwalimu dirishani. "Mwalimu, shuka uchimbe wewe."

"Mimi? Na dereva je?"

"Dereva hagombei ubunge. Watu wote wa Ntumbi wako hapa. Wakikuona umeshika mpini, hotuba ya nini tena?"

Mwalimu akavua viatu, akakunja suruali, akashuka. Nyumba yake ya matete ilikuwa inaanza kulowa, akamwomba mwenzake amshikie. Bwana Silanda akaipakata mapajani, akafunga kioo.

Mwalimu Nsokolo alichimba kama mtu anayetafuta maji. Mgongo ukatota, miwani ikajaa tope, akaendelea. Bibi mmoja, Nakalinde, ambaye watu wa Ntumbi walimsikiliza kuliko mwenyekiti wao, akaanza kukata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu. "Mtazameni," aliwaambia wenzake. "Huyu si wa maneno." Wanawake wakamfuata na matawi. Kapembe alisimama kwenye mvua akicheka peke yake, daraja akiliona limeshasimama.

Gari lilitoka jua likizama. Katibu akatazama saa yake na kutangaza kwamba muda wa mikutano umekwisha na kanuni ni kanuni: hakuna mkutano, hakuna hotuba, na yeyote atakayejitangaza nje ya mkutano atafutiwa jina. Mwalimu akapunga mkono wenye jembe, watu wakashangilia. Bwana Silanda naye akapunga mkono kutoka dirishani, nyumba ikiwa mapajani pake, mkavu kama unga. Njia nzima Kapembe alimpiga Mwalimu kumbo za furaha. "Bonde lote lako, Mwalimu. Lote."

Siku ya kura, uwanda uligawanyika nusu kwa nusu. Masanduku ya bondeni ndiyo yaliyoamua. Yalipofunguliwa, yalitoka jembe, na jembe, na jembe. Bwana Silanda akawa mbunge. Kama siku ile alijua anachofanya, au alikuwa mvivu tu anayeogopa kulowa, hakuna aliyewahi kumpata akasema. Daraja lilijengwa, ndiyo, lakini miaka mingi baadaye, chini ya mbunge mwingine kabisa, nanyi mnaopita juu yake na pikipiki leo hamjui.

Wakati huo Kapembe hakuwa na subira ya miaka. Alivuka mto kwa miguu akaenda Ntumbi, kwa wakwe zake, akiwa na hasira ya kugawa. Alimkuta Bibi Nakalinde akianika mtama uani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mkwe wetu. Umekuja kutushukuru?"

"Kuwashukuru kwa lipi?"

"Tumewapa mbunge. Yule mchapakazi wenu. Nimezunguka bonde zima nikiwaambia, tieni alama kwenye jembe, jembe, msije mkanichagulia yule bwana mnene aliyejifungia garini na kijumba chake."

Kapembe akakaa chini, pembeni ya mtama.

"Bibi, yule aliyechimba ni wa nyumba. Mnene ndiye wa jembe."

Bibi Nakalinde akaacha kuanika. "Wa nyumba?"

"Wa nyumba."

"Na nyumba alikuwa nayo mwenzake."

"Alimshikia tu, isilowe."

"Na lile jembe?"

"La yule mnene."

Bibi akawafukuza kuku bila kuwatazama. Kapembe akaona ndipo pa kumkamatia.

"Mmetuponza, bibi. Mwalimu angetupa daraja. Mnajua nilizika nini pale mtoni. Mtu amechimba mchana kutwa mkimwona kwa macho yenu, nanyi mkampa kura aliyekaa. Watu wa bondeni hamna macho?"

"Macho tunayo," alisema Bibi Nakalinde. "Nami pale mtoni nimezika wangu wawili, kwa hiyo usinifundishe kulitaka daraja. Sisi tulitazama, mkwe. Mlituletea mtu ameshika jembe, tukachagua jembe. Hakuna aliyetuambia vingine. Wazo la kumshikisha lilikuwa la nani?"

Kapembe akachora chini kwa kidole.

"Nakuuliza."

"Langu," alisema Kapembe. "Lakini nia ilikuwa njema, bibi. Na jasho lilikuwa la Mwalimu. Jasho lake, tope lake, mgongo wake. Haki iko wapi?"

Mzee Kapembe alitua hapo. Ndani ya darasa mashine ililia kuonyesha imewaka, lakini foleni haikusogea. Erasto alikuwa ameivua ile fulana na kuikunja, ameishika mkononi, hajui pa kuiweka.

"Akakujibu nini, babu?" aliuliza.

"Aliinama akarudi kwenye mtama wake. Hata hakupandisha sauti. Akaniambia, 'Mkwe wangu, shamba halimuulizi mtu jasho ni la nani. Ashikaye jembe la mwenzake humlimia mwenzake.'"