Harufu ya Mwenye Nyumba

Jumatano, saa kumi na moja jioni, Mwanaidi alikuwa akikaanga binzari na giligilani bila mafuta, mwenye nyumba wake, Mzee Shekuwe, alipoingia bila hodi.

"Nyumba yangu, harufu yangu! Funga dirisha, fungua mlango wa sebuleni kwangu. Wali wangu mweupe nauteremshia harufu hiyo. Ukikataa, hama leo."

"Harufu yote, baba?"

"Yote!"

"Hata ya kesho?"

"Hata ya mwakani! Usinibanie hata kidogo."

"Basi kaa karibu na mlango, baba, isikupite."

Asubuhi iliyofuata, Mzee alipokwisha kukaa mlangoni na sahani yake ya kiporo, Mwanaidi alifunga dirisha, akajifunga mtandio puani, kisha akamwaga kilo nzima ya pilipili kavu kwenye kikaango cha moto.